Kanda, Kalamu na Mgeni Rasmi Aliyekwama Chalinze

Wazazi ambao hamkufika kwenye mahafali ya Jumamosi mmeniomba niandike nilichosema. Nimeandika kadiri ninavyokumbuka, na pale watoto waliponijibu nimeyaacha majibu yao. Sikuwa nimeandaa hotuba. Niliitwa kujaza nafasi, kama mtakavyoona.

Mkuu wa shule, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi wahitimu ambao jua limeanza kuwafikia hapo mlipokaa: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na waliobaki, habari za mchana.

Mshereheshaji amenifuata hapa nilipokaa akaninong'oneza kwamba mgeni rasmi yuko Chalinze, kwenye foleni ya malori. Akasema, "Mzee, tushikie watu nusu saa." Kwa hiyo msinipigie makofi mengi. Mimi si mgeni rasmi. Mimi ni kiraka.

Lakini hebu tuanzie hapo hapo. Tumejuaje kwamba mgeni rasmi yuko Chalinze? Amepiga simu. Tena katuma na picha ya malori, tusije tukadhani anatudanganya. Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 2000, katika shule hii hii, na siku ya mahafali yetu mgeni rasmi hakutokea kabisa. Tulikaa toka saa nne mpaka saa tisa. Hakuna aliyejua kama kaugua, kasahau, au gari limepinduka. Saa tisa mkuu wa shule wa wakati huo akatazama masufuria, akatutazama sisi, akasema tule. Habari tulizipata Jumanne yake: gari lilikufa Mikese. Mikese! Hata kwa baiskeli mtu angefika kutuambia.

Sasa nyinyi wahitimu, wangapi mmezaliwa 2008? Nyosheni mikono. 2009? Haya, karibu wote. Kwa hiyo kati ya mahafali yale ya kumsubiri mtu aliyekwama Mikese na nyinyi kuja duniani, haifiki hata miaka kumi. Ndiyo nitakayowasimulia, 2000 mpaka 2010. Miaka kumi iliyoisha nyinyi bado mnanyonya.

Nina vitu viwili mfukoni. Wewe wa mbele, pokea, mzungushe mpaka nyuma. Hiki ni nini?

"Kaseti!"

Vizuri, wengine tuliita kanda. Na hiki?

"Kalamu!"

Kalamu ya bic, ile yenye pembe. Swali langu ni moja: kalamu hii na kanda hiyo vina undugu gani? Wazazi, kaeni kimya. Nawaona mnavyocheka. Watoto waangalie wenyewe, na atakayejua aninyoshee mkono.

Tuanze na msiba. Najua leo ni siku ya furaha, lakini ukitaka kujua watu wa zama fulani walipashana vipi habari, tazama walivyopashana za msiba.

Bibi yangu mzaa mama alifia Mahenge mwaka ule wa 2000. Sisi tulikuwa hapa mjini Morogoro. Nani alituambia? Redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na matangazo ya vifo, na nyumba yenye redio ilinyamaza yakianza. Hata mtoto aliyekuwa akilia alizibwa mdomo. Msomaji alitaja jina la marehemu, mahali, siku ya mazishi, kisha ikafuata orodha: habari ziwafikie fulani wa Morogoro, fulani wa Ifakara, fulani wa Tanga, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Mama alikuwa anachambua mchele. Akasikia jina la mama yake. Halafu akasikia jina lake mwenyewe.

Hebu fikirini hilo. Nchi nzima iliambiwa kwamba mama yangu kafiwa, na yeye alikuwa msikilizaji mmoja tu kati ya wengi. Na kabla hajasimama pale kwenye ungo, majirani walishafika mlangoni, kwa sababu na wao walikuwa wanasikiliza. Mmoja alikuja na kuni. Mmoja alikuja na nauli. Tulifika Mahenge kesho yake ya mazishi, kaburi limeshafunikwa.

Mwaka 2010 akafa mjomba wangu, kule kule Mahenge. Mama alijua hata kabla mwili haujapoa. Mjomba mdogo alipiga akiwa bado amekaa kitandani kwa marehemu. Safari hii tuliwahi, tulizika. Lakini majirani wetu wa hapa mjini hawakuja mpaka jioni. Je, walikuwa wamekuwa wabaya? Hapana. Walikuwa wale wale. Hawakujua tu. Simu ilimfikia mama peke yake, chumbani, na hakuna mwingine mtaani aliyeisikia.

Sijui nyinyi mtaniambia ipi bora. Mimi mwenyewe nimeshindwa kuamua. Kuwahi kaburi ni jambo kubwa. Na mtu wa kuja na kuni bila kuitwa naye ni jambo kubwa.

Tuendelee na simu hiyo hiyo. Mwaka 2000 nchi nzima ilikuwa na laini za mkononi zaidi kidogo ya 100,000. Vodacom ndiyo kwanza walikuwa wameingia sokoni, mwezi wa Agosti. Kufikia 2010 laini zilikuwa kama milioni 20. Mmesikia? Kutoka laki moja na ushee mpaka milioni 20, ndani ya miaka ambayo mtoto anaanza darasa la kwanza na kufika kidato cha tatu.

Lakini simu ilipoingia haikuwa yetu. Ilikuwa ya mtu mwenye gari na tumbo. Aliining'iniza kiunoni kwenye pochi ya ngozi, na ikilia aliiacha kwanza ilie mara tatu, nne, ili baa nzima ijue. Sasa nawauliza: nani aliitoa kiunoni kwa bwana yule akaifikisha kwa mama muuza vitumbua? Msiniambie ni kampuni. Kampuni zilileta minara, nazishukuru. Na mwaka 2003 Nokia walitoa ile 1100, simu ya tochi, na huyo aliyefikiria tochi aliwahi kuingia kwenye nyumba isiyo na umeme, siamini vinginevyo. Lakini aliyeifanya simu ikawa ya wote ni mtu asiye na vocha.

Kampuni zilikuwa zinauza dakika. Sisi tukagundua kwamba simu ikiita bila kupokelewa, hailipiwi. Basi! Kubipu kukazaliwa. Na tusiseme kubipu kama kitu cha mzaha, ile ilikuwa lugha kamili. Bipu moja: nimefika salama. Bipu mbili: nipigie. Mchumba akikubipu saa nne usiku, hiyo ni lala salama, na ole wako uipokee ukamla senti zake. Kulikuwa na adabu zake pia. Ukimbipu anayekuzidi kipato, ni haki yako. Anayekuzidi kipato akikubipu wewe, huo ni uchokozi, na wengine tulivunja urafiki kwa jambo hilo. Hakuna mhandisi aliyekaa ofisini akaibuni lugha ile. Wabunifu walikuwa watu wenye salio sifuri.

Na hela je? Kabla ya haya ya kubonyeza namba ya siri, hela ya kumtumia ndugu ilikwenda kwenye bahasha, bahasha akapewa kondakta wa basi, na ikafika au isifike. Mimi ya kwangu iliwahi kufika bahasha tu. Ndipo watu wakaanza mtindo mwingine. Unanunua vocha hapa Morogoro, unaikwangua, lakini huiingizi kwenye simu yako. Unamtumia mjomba Songea zile namba kwa meseji. Yeye anakwenda nazo kwa mwenye kibanda, anamuuzia, anakatwa kidogo, anapewa noti. Mimi nilimlipia mdogo wangu ada ya bweni kwa njia hiyo. Ada nzima ya shule, namba moja moja, kwa ukucha uliojaa vumbi la kukwangua.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, kwetu ikaja 2008, na dunia ikashangaa. Ni kitu kikubwa, sibishi. Ila wakati wataalamu wanashangaa, mjomba wangu wa Songea aliuliza tu, "Kwa hiyo sasa hatukwangui?"

Kanda imefika wapi? Safu ya nne. Kuna mtu anavuta utepe hapo. Acha! Ukiutoa wote utanirudishia kwa mkono, sentimita moja moja.

Nije basi kwenye kanda, maana hiyo ndiyo ilinilisha.

Baada ya kidato cha nne sikuendelea. Matokeo niliyafuata kwa miguu, kwenye ubao wa matangazo pale nje ya ofisi, wenzangu wamenizunguka, na ubao ukanijibu bila kupindisha: divisheni foo. Baba hakunipiga. Alinipa deki mbili za kaseti na spika moja, nikafungua kibanda Msamvu, jirani na stendi, kazi yangu kurekodi nyimbo.

Mteja anakuja na orodha kwenye karatasi. Wimbo wa kwanza huu, wa pili huu, mwisho malizia na huu. Kanda ya dakika 60 ilitaka dakika 60 za maisha yangu, nimekaa, nasikiliza, kidole kiko juu ya kitufe ili mtangazaji wa redio asije akaongea juu ya wimbo. Deki ya gharama ilikuwa na kitufe cha kurekodi haraka, lakini sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua, na wateja wangu hawakuipenda. Kwa kazi ile nilijua siri za mji huu. Nilijua nani anampenda nani kwa kusoma orodha. Nilijua ndoa gani ina matatizo. Ukiona mwanamke amebadilisha orodha nzima kutoka nyimbo za mapenzi kwenda taarabu za mafumbo, unajua kwenye ile nyumba kuna jambo.

Na hapo kibandani ndipo nilipogombana na baba kwa miaka kumi. Baba yangu alikuwa mtu wa Mbaraka Mwinshehe, mwana wa mji huu, na Morogoro Jazz yake. Kwa baba, muziki ulikuwa na magitaa, saksofoni, na wanaume wengi jukwaani wamevaa sare. Sasa anakuja kibandani anakuta kijana mmoja anaongea harakaharaka juu ya mdundo wa kompyuta. Anasimama pale mlangoni, mikono nyuma, anauliza: "Huyu anaimba au anagombana na mtu?"

Bongo Flava. Wazazi, tuseme ukweli mbele ya watoto: tuliwaitaje wale vijana? Wahuni. Si ndiyo? Wahuni! Mwaka 2001 Professor Jay alitoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu, na mimi niliirekodi mpaka vichwa vya deki vikalika. Mungu anisamehe, na Professor Jay naye anisamehe, maana hakupata hata senti yangu moja. Haki miliki tulikuwa tunalisikia neno hilo, tukalipita kama tunavyoipita alama ya kupunguza mwendo. Mwaka 2004 Afande Sele, mtu wa hapa hapa Morogoro, akatawazwa Mfalme wa Rhymes. Siku hiyo baba aliuliza swali lililonishtua. Aliuliza, "Anakaa mtaa gani?" Nikajua ukuta umeanza kupata ufa.

Halafu ikaja 2010. Uchaguzi. Joseph Mbilinyi, yule Sugu, mmoja wa wale wa mwanzo kabisa tuliowaita wahuni, anachaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini. Baba alisikia kwenye taarifa ya habari. Hakusema kitu. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, akakirudisha kikombe jikoni mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Miaka mitano baadaye Professor Jay naye akawa mbunge wa Mikumi, mkoa wetu huu huu, na mzee wangu akatoa kauli yake rasmi mbele ya wajukuu: "Mimi nilisema zamani, yule kijana anaongea vizuri."

Mnacheka. Subirini, sasa ni zamu yangu kuchekwa.

Mwaka 2005 nilikwenda Kariakoo kununua kanda tupu kama kawaida. Nikakuta bei imeshuka. Si kushuka kidogo, imeporomoka. Nikajiona mjanja kuliko watu wote wa stendi ya Msamvu. Nikachukua maboksi sita. Mtaji wangu wote ukaenda, na juu yake nikaweka hela ya upatu ya mama, zamu yake aliyoisubiri miezi minane. Muuzaji akanisaidia kubeba mpaka kwenye daladala. Mwenyewe! Mtu wa Kariakoo akubebee mzigo? Vijana, ningekuwa na akili ningejiuliza swali moja tu: huyu mbona anatabasamu?

Nilifikiri bei imeshuka kwa sababu kanda zimekuwa nyingi. Kumbe imeshuka kwa sababu watu wameisha.

Mwaka uliofuata jirani yangu wa kibanda akaleta kompyuta. Nikamcheka, limekaa pale limefunikwa kitambaa kama maiti. Lakini sidii moja aliyokuwa anaichoma, ukiweka nyimbo za MP3, ilibeba kama 150. Kanda yangu ilibeba 12, labda 15 ukibana. Mteja atakwenda wapi? Na jirani naye asidhani alishinda. Miaka mitatu haikupita, sidii ikawa mzigo. Mtoto anakuja na simu ya Kichina yenye laini mbili na spika za kuamsha kijiji, anatoa kadi ya memori kubwa kama ukucha, anasema: "Bro, nijazie."

Nijazie! Hakuna orodha. Hakuna wimbo wa kwanza wala wa mwisho. Hakuna tena kujua nani anampenda nani. Nijazie, kama dumu la maji bombani.

Mteja wangu wa kwanza namkumbuka vizuri. Kondakta wa basi la Ifakara, alitaka taarabu upande A na kwaya upande B, kwa sababu abiria wake walikuwa wa aina mbili. Lakini mteja wangu wa mwisho wa kanda simkumbuki. Nimejaribu, wanangu, nimejaribu sana. Sijui alikuwa mwanamume au mwanamke, sijui alitaka wimbo gani. Ningemkumbukaje? Siku ile sikujua kama ndiye wa mwisho. Alilipa, akaondoka, nikaketi kumsubiri mwingine.

Mnataka kujua maboksi yako wapi? Manne niligawa. Mawili yapo nyumbani. Mke wangu ameyatandikia kitambaa, ndiyo meza yetu ya televisheni.

Televisheni yenyewe niigusie haraka, maana naona mshereheshaji anatazama saa. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Sisi wa bara? 1994. Miaka 21 tunatazama upande wa pili wa maji! Wazanzibari wakitucheka kwa hilo wana haki. Na hata ilipofika bara, wengi wetu hatukuitazama nyumbani. Tuliifuata kwenye kibanda cha video: mabenchi, turubai, kiingilio mkononi, joto la kuivisha ndizi. Picha za Kichina, za Kihindi, za Kimarekani. Lugha tulikuwa hatujui hata moja. Je, tulikaa tu kama mabubu? Thubutu! Kulikuwa na mtafsiri. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, sauti yake iliingizwa kwenye kanda za video na zikasambaa nchi nzima. Hapa kwetu tulikuwa na wa kwetu, anakaa pembeni ya luninga na kipaza sauti, anatafsiri pale pale.

Alijua Kichina? Hajui. Kiingereza? Cha kuombea maji. Aliitazama picha mara moja, akatunga yake. Siku moja jambazi mkuu wa picha ya kung-fu alimpa jina la mtoza ushuru wa soko letu. Jina kamili! Kila jambazi akipigwa teke, ukumbi unalipuka. Wiki iliyofuata mtoza ushuru mwenyewe akaja, akalipa kiingilio, akakaa benchi la mbele. Tukanyamaza. Mtafsiri akameza mate, akaendelea na jina lile lile, angefanyaje. Mtoza ushuru alicheka kuliko sisi wote, na kesho yake ushuru ukakusanywa kama kawaida.

Zikaja picha zetu wenyewe, wakina Kanumba, wanaongea Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho, na mtafsiri akakosa kazi. Hakuna aliyemfukuza. Hata yeye alikuwa mmoja wa watazamaji, nilimwona benchi la nyuma, mdomo umefunga, anatazama.

Mavazi nayapita, nina sababu. Nilipoanza kuvaa suruali ya kata K baba aliitisha kikao cha ukoo. Mama akaingia chumbani, akatoka na picha ya 1976: baba kavaa pekosi, chini raizoni za kumwongezea kimo, nywele kama mwavuli. Kikao kikaahirishwa mpaka leo.

Nimalizie na mdogo wangu, yule wa namba za vocha.

Alimaliza kidato cha nne 2008. Matokeo yakatoka mwanzoni mwa 2009, na safari hii hakuna mtu aliyetembea mpaka kwenye ubao. Yalikuwa kwenye intaneti. Akaenda mjini, kwenye kafe ya intaneti, akalipia nusu saa. Intaneti ya wakati ule ilikuwa inakuja kwa setilaiti. Mkongo wa SEACOM, ule wa intaneti unaopita chini ya bahari, ulifika pwani yetu Julai ya mwaka huo huo, yaani miezi michache tu baadaye. Kwa hiyo ukurasa ulikuwa unafunguka mstari kwa mstari, kama mtu anavuta pazia lililokwama. Namba ya kwanza ya mtahiniwa. Ya pili. Ya tatu. Yeye namba yake ilikuwa arobaini na kitu. Ilipofika thelathini na tisa, umeme ukakatika.

Alikaa pale gizani na watu wengine kumi na wanafunzi wenzake wawili, hakuna aliyetoka. Mimi niko kibandani Msamvu, mkononi nina bisibisi, nimeshaanza kujifunza ufundi simu. Saa nzima. Halafu simu yangu ikaita, ikakata. Bipu. Nikasema, amefika salama. Ikaita tena, ikakata. Bipu mbili: nipigie. Nikawa natafuta vocha. Ikaita mara ya tatu, ikakata.

Bipu tatu hatukuwa tumekubaliana maana yake.

Nikampigia. Alikuwa analia. Dakika nzima ya vocha yangu ikaishia kwenye kilio, na mimi naogopa kuuliza, maana ile ada niliikwangua kwa kucha zangu. Dakika ya pili ikaanza. Ndipo akasema, "Kaka. Wani."

Leo ni nesi, Iringa. Na hajawahi kuacha kunibipu, ingawa bando analo.

Naona mkono huko nyuma. Ndiyo, binti, simama. Kalamu na kanda?

"Unaiingiza kalamu kwenye tundu, unazungusha, utepe unarudi ndani."

Sawasawa kabisa! Mpigieni makofi. Nani kakufundisha, babu?

"Hapana. Nimeona TikTok."

Wazazi wenzangu, mmesikia. Ameona TikTok.

Na lile naona ni gari la mgeni rasmi linaingia getini, kwa hiyo kiraka kinabanduka. Mshereheshaji, shika kipaza sauti chako. Wewe wa safu ya mwisho, kalamu baki nayo, kanda nirudishie taratibu. Upande B wa kanda hiyo kuna sauti ya bibi yangu wa Mahenge, mjomba alimrekodi akisimulia hadithi, mwaka mmoja kabla hajafa. Deki yangu ya mwisho ilikufa zamani, mkanda wa ndani umeyeyuka na spea sijaipata. Kama kuna mzazi ana deki nzima nyumbani, namba yangu mshereheshaji anayo. Asinibipu. Apige.